Bonde la Mto Kiwira nje ya njia za wageni: anza kwa kupiga hodi

Kila kiangazi kikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. "Kaka, wewe ni mtu wa Tukuyu, nielekeze sehemu tulivu mtoni, isiyo na watu." "Nimeona picha ya maporomoko madogo, pale ni wapi?" "Kuna kiingilio?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika huu mwongozo.

Nianze na jibu ambalo wengi hawalipendi: sehemu isiyo na watu bonde la Kiwira, huku wilayani Rungwe mkoani Mbeya, haipo. Ipo sehemu ambayo watu wake hujawaona bado. Kile kidimbwi ulichokiona kwenye picha ni mahali pa mtu kulowekea nguo, na yale majani mapana kando yake ni magimbi ya mama fulani. Kwa hiyo hapa hutapata orodha ya vituo. Utapata namna ya kufika, kukaa na kuondoka bila kuacha manung'uniko nyuma yako. Njia hii inafaa pia mabonde mengine ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbaka na Lufilyo hadi Ruaha Kidogo kule Iringa.

Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Viatu vyenye meno, au mabuti ya mpira kama mvua haijakata. Raba za mjini zenye soli laini ziache; mawe ya Kiwira ni ya volkano, yakilowa yanateleza kama sabuni. Sweta na koti la mvua, hata kama Mbeya mjini umeacha jua kali. Suruali ndefu, kwa sababu ya upupu na viwavi. Kwa kina dada, khanga mbili: moja ya kujifunga ukipita kijijini, nyingine utaijua kazi yake ukifika mtoni.

Fimbo. Maji ya kunywa lita mbili. Kitambulisho chako. Noti ndogo ndogo, maana ukitoa noti ya elfu kumi kununua mkungu wa ndizi njiani, chenji itatafutwa nyumba tatu. Bandeji na dawa ya kidonda. Kiroba kimoja cha kubebea taka zako. Simu iliyojaa chaji na ramani uliyoipakua mapema, kwa kuwa mtandao hupotea ukishuka korongoni.

Kitu cha mwisho hakibebeki mfukoni: siku nzima isiyo na haraka. Kama una saa mbili tu kabla ya basi la kurudi, nenda Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba linalojulikana na wageni, piga picha, rudi. Hakuna ubaya.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi, kisha chagua saa.

Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua huanza Novemba na inaweza kukufikisha Mei. Njoo kati ya Juni na Oktoba. Juni na Julai baridi ni kali, ila njia ni kavu na mto una adabu. Fika kijijini saa tatu asubuhi, na uwe umeanza kupanda kurudi barabarani saa tisa alasiri. Ukungu wa jioni huku haubishi hodi.

Epuka Jumapili asubuhi. Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo Jumapili ni siku ya ibada. Ukifika saa nne utakuta kijiji kimehamia kanisani, huna wa kumuuliza kitu.

2. Anza na panapojulikana.

Ukitoka Mbeya, unaacha barabara kuu ya kwenda Iringa na Dar es Salaam pale Uyole na kushika ya Tukuyu na Kyela. Shuka Kiwira mjini, chukua bodaboda (patana nauli kabla ya kupanda), nenda Daraja la Mungu. Ni daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu: lava iliganda, mto ukapita chini yake. Jirani yake kuna Kijungu, ambapo maji yanaingia kwenye shimo la mwamba mfano wa chungu. Njia ya kwenda huko inapita eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo jitambulishe, fuata utakachoambiwa, na usielekeze kamera kwenye majengo wala kwa askari.

Kwa nini nakuanzishia hapa na wakati umeniomba pasipojulikana? Kwa sababu hapa utaujua mto kabla haujakujua wewe. Kiwira unatoka kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, ambao kilele chake kina kama mita 2,960, ukashuka hadi Ziwa Nyasa lililo kwenye mita kama 475. Mto unaoshuka hivyo hauna muda wa kukusubiri. Simama pale darajani robo saa, usikilize, ndipo uamue kama kweli unataka kwenda kusimama juu ya jiwe lililo katikati ya maji hayo.

3. Kabla ya kushuka bondeni, panda kwa mwenyekiti.

Hatua hii ndiyo inarukwa na wengi, halafu ndiyo inayoleta ugomvi. Ukichagua kijiji, ulizia kwanza mwenyekiti wa kitongoji. Yeye ndiye anakaa karibu na mto, na yeye ndiye ataamua kama upelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisini kwa mtendaji. Ofisi ya mtendaji ni ya siku za kazi, wakati mwenyekiti wa kitongoji unamkuta hata shambani kwake, jembe mkononi.

Mazungumzo yenyewe hayana uchawi:

"Hodi! Shikamoo mzee."
"Marahaba. Karibu."
"Asante. Mimi natoka Mbeya, naitwa fulani. Nimekuja kuona mto, kutembea tu na kupumzika. Nimeona nisipite bila kujitambulisha."

Kisha nyamaza. Usiongeze maelezo. Ataangalia viatu vyako, atakuuliza unatoka kwa nani, una ndugu huku, na umekuja kutafuta madini au kununua ardhi. Maswali hayo si ya ukali. Watu wameshaona wageni wengi waliokuja "kutembea tu" na wiki ya pili wakarudi na vipimo. Mjibu ukweli. Akikuomba kitambulisho, mpe. Akikuandikisha kwenye daftari, andika vizuri. Siku ukikwama bondeni, daftari hilo ndilo litakalowatoa watu kwenda kukutafuta.

Kama ni asubuhi na unataka kufungua uso wa mtu, sema "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa. Kukushukuru au kukupa pole, utasikia "ndaga", na shukrani kubwa ni "ndaga fijo". Wazee wana namna yao ya kusalimiwa, muulize mwenyeji wako akufundishe usije ukamsalimia babu kama rika lako.

4. Omba mwenyeji wa kukuongoza, na umlipe kama mtu mzima.

Muombe mwenyekiti akupe mtu, usimwokote kijana wa kwanza aliyekukimbilia stendi. Mwenyeji mzuri ni yule anayelima karibu na mto. Mara nyingine huyo ni mama wa miaka hamsini, si kijana mwenye kofia, na mimi matembezi yangu bora yote yaliongozwa na wamama.

Malipo patana kabla ya kuondoka, mbele ya mwenyekiti. Kipimo changu: uliza kibarua cha siku shambani pale kinalipwa kiasi gani, usishuke chini ya hapo, kwa sababu kwa ajili yako ameacha shamba lake. Usimpe mtoto fedha ili akuongoze. Kesho hatakwenda shule, atakaa barabarani kukusubiri.

5. Pita kwenye njia iliyopo, hata ikizunguka.

Bonde linaonekana kama pori, kumbe kila mita ina mwenyewe. Migomba, kahawa, chai, parachichi, magimbi kwenye unyevu, majani ya ng'ombe yaliyopandwa kwa mistari. Bustani za bondeni, zile ambazo wenzetu wa Iringa huziita vinyungu, ndizo zinazolisha familia kiangazi. Kukata kona juu ya tuta la mtu ili kuokoa dakika mbili ni kosa la kitoto.

Ukiona mwanzi mnene au kijisitu kidogo cha miti mikubwa iliyoachwa katikati ya mashamba, simama na uulize. Kwa Wanyakyusa kuna misitu ambayo ni makaburi ya machifu na mahali pa matambiko. Lubaga, makao ya Lwembe, chifu mkuu wa matambiko, ndipo panapotajwa zaidi, lakini kila upande una pake padogo. Hata makaburi ya familia yako uani, kando ya migomba. Usikalie, usitundike koti lako juu yake.

Jambo lingine ambalo wageni hulichukulia vibaya. Unaweza kukutana na mwanamke njiani, ghafla akatoka nje ya njia na kugeuzia uso migombani. Usidhani anakuogopa wewe. Mila ya hapa ilimtaka mke amkwepe baba mkwe wake, wasikutane uso kwa uso, na zipo familia zinazoishika mpaka leo. Pengine mzee anakuja nyuma yako. Endelea na safari yako, usisimame, na zaidi ya yote usitoe simu.

6. Ukifika mtoni, kaa mbali kwanza.

Kaa mita kadhaa juu ya ukingo, dakika kumi, bila kushuka. Sikiliza sauti za watu. Piga hodi kwa sauti kabla ya kukata kona ya mwisho, kwa kuwa watu huoga mtoni, na mtu aliye uchi hana haja ya kukukuta umesimama na kamera. Ile khanga ya pili niliyosema kwa kina dada ni kwa kuogea: kama mwenyeji atasema mnaweza kuingia, mwanamke huoga amejifunga khanga. Wanaume nao, kaptula ibaki mwilini.

Halafu muulize mwenyeji mpango wa maji ya pale. Kwa kawaida wanachota juu, wanaoga chini yake, wanafua chini zaidi, na ng'ombe hunywa mwisho. Wewe mgeni nafasi yako ni ya ng'ombe. Sicheki.

Hili nimejifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliona kidimbwi kisafi kabisa, kimezungukwa na kijiukuta cha zege. Nikaona kama bwawa la hoteli, nikavua, nikaingia na sabuni. Kijana mchunga ng'ombe alianza kupiga kelele kutoka ng'ambo nami nikampungia mkono. Lilikuwa banio la maji ya mserereko, na bomba lililotoka pale lilikuwa likijaza tangi la kijiji kizima. Nililipa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji, nikashinda mchana nikisaidia kulisafisha, na mama mmoja aliyepita akaniuliza kama nimebakiza sabuni kidogo ya kutia kwenye chai. Tangu siku hiyo, nikiona zege, bomba au koki popote karibu na mto, nageuza.

Sabuni basi isiguse mto, hata ile inayoandikwa ni ya asili. Moto usiwashe ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto, na japo wewe hujengi wala hulimi, ukiizoea hiyo mita 60 kwa moto, kwa chakula na hasa kwa kujisaidia, hutakosea. Chimba, fukia, karatasi tia kwenye kiroba.

7. Maji yaheshimu zaidi ya watu.

Mvua inaweza kunyesha mlimani huku ulipo wewe jua linawaka. Dalili ni tatu: maji yanabadilika rangi kuwa ya udongo, vijiti na majani vinaanza kupita, na sauti inashuka, inakuwa nzito. Ukiona moja tu, toka, panda juu, usisubiri kuhakikisha. Usiache viatu ng'ambo.

Usiruke kwenye kidimbwi ambacho wenyeji hawaruki. Usiogelee karibu na Kijungu wala karibu na daraja, mahali maji yanapoingia chini ya mwamba. Yakikuvuta hakuna pa kushika. Ukishuka mpaka tambarare za Kyela, mambo yanabadilika tena: maji yanatulia, na hapo uliza habari za kichocho na za mamba kabla ya kulowanisha hata kidole.

8. Usilale kwenye vishimo.

Watu wengi hawalijui hili. Ardhi ya Rungwe ni ya volkano, na kuna sehemu inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Karibu na Mlima Kyejo huvunwa kabisa kwa ajili ya viwanda, vikiwemo vya soda. Gesi hiyo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo asubuhi tulivu isiyo na upepo hutuama kwenye mabonde madogo kama maji kwenye bakuli. Ukikuta ndege, panya au wadudu wamekufa kwenye kishimo bila sababu, usiiname kuwapiga picha. Ondoka, panda juu. Pa kupumzikia chagua sehemu iliyoinuka, yenye upepo.

9. Picha, na unachofanya nazo jioni.

Piga mto, mawe, ukungu, utakavyo. Mtu, omba kwanza. Mtoto, muombe mzazi wake. Droni ina vibali vyake vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa navyo, kuirusha juu ya wamama wanaofua ni utovu wa adabu.

Halafu usiweke alama ya mahali penyewe mtandaoni. Andika "bonde la Kiwira, Rungwe", inatosha. Nimeona kona moja ndogo ikitajwa kwa jina na ramani, msimu uliofuata pikipiki zilikuwa zinashuka hadi kwenye magimbi, na wenye magimbi wakaziba njia kwa miiba. Anayetaka kweli atauliza kijijini, na akiuliza kijijini atakuwa amepita hatua ya tatu.

10. Rudi ulikopitia.

Mpitie mwenyekiti umwambie umetoka salama, akufute kwenye mawazo yake. Kama kuna mtu anauza ndizi, parachichi au maziwa, nunua pale. Kiroba cha taka kipeleke mpaka mjini. Usimwachie mwenyeji akutupie, maana atatupa korongoni.

Ukikwama

Mwenyekiti amekataa. Shukuru na uondoke. Huenda kuna mgogoro wa mpaka, au chanzo cha maji kinalindwa, na hana deni la kukueleza. Usivuke kijiji cha pili kuingia mto ule ule kwa mlango wa nyuma. Vijiji hivi vinapigiana simu.

Umekuta msiba. Matembezi yameisha siku hiyo. Huku kijiji kizima huenda msibani, na mgeni anayepita na begi mgongoni akicheka ataonekana. Ukialikwa kuingia, vua kofia, kaa na wanaume au wanawake kulingana na jinsia yako, toa rambirambi kidogo, kula ulichopewa, aga.

Mtu anadai kiingilio njiani. Muulize kwa upole kama kuna stakabadhi, na mrudishe kwa mwenyekiti uliyeongea naye. Mara nyingi dai linaishia hapo. Ila kama shamba ni lake na unataka kupita, hilo si kiingilio, ni ruhusa yake: patana naye.

Umejikuta kwenye msitu mkubwa na mabango ya hifadhi. Umepanda mno. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kunahitaji kibali. Ndiko anakoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 ilhali wawindaji wa hapa walikuwa na jina lake siku nyingi. Rudi, tafuta kibali, njoo siku nyingine.

Siafu wamepanda miguuni. Usisimame kuwatoa. Kimbia kwanza utoke kwenye msafara wao, ndipo uvue suruali, aibu baadaye.

Mguu umeteguka. Kaa, funga bandeji, mtume mwenyeji, usijaribu kupanda korongo kwa mguu mmoja. Vijana wanne na machela ya miti watakutoa upesi kuliko unavyodhani, nao walipwe.

Umepotea, ukungu umeshuka. Tumezoea kuambiwa ufuate mto ukipotea. Hapa usifuate: Kiwira utakuingiza kwenye makorongo na maporomoko. Panda juu taratibu, ukijaribu ardhi kwa fimbo, kisha nyamaza dakika kumi. Rungwe ina watu wengi; utasikia jogoo, shoka, au redio. Elekea huko, na ukifika uani simama nje upige hodi. Mbwa wa huku si wote wanaofungwa.